Antena ya Nyumba ya Bwera

Bwera, 12 Agosti 2017

Nasifah dada yangu,

Assalaam alaikum. Huku tu wazima, na nikisema tu wazima nasema mimi na mama, maana tangu mke wangu Mariat arudi kwao nyumba hii ina watu wawili tu. Mama anakula, anasali, analalamika. Kwa hiyo afya ipo. Mchuzi wake siku hizi una chumvi ya kutosha kukausha samaki wote wa Kahendero, lakini ukimwambia anakuuliza ulianza lini kuwa mpishi. Mvua imewahi milimani. Lori langu limekwama mara mbili likishusha kahawa ya Kyarumba, na mara zote mbili nimelisukuma mimi, si shemeji yeyote.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hukatika kila nikifika kwenye maneno yenyewe. Simu ya mama nayo inaongea kwa sauti ambayo hata Mpondwe mpakani wanaisikia. Karatasi haikatiki. Dereva wangu Siraje ataiacha kwenye geti la kambi ya polisi, kwa kuwa mimi kambi ile siingii.

Nimepokea antena aliyotuma mumeo. Nimeitazama mbele, nimeitazama nyuma, nikadhani ni kifuniko cha bakuli. Karatasi yake inasema iwekwe ndani, karibu na dirisha. Afande Ssali ameoa nyumba hii, amekula nyumba hii, na hajaona kwamba juu ni mabati na dirisha lenyewe ni bati? Antena ndani ya mabati ni jogoo ndani ya sufuria: funika, halafu subiri awike. Na ile busta yake ya kukuza mawimbi. Dekoda inaandika nguvu tisini na mbili, ubora kumi na nane. Umeelewa hesabu hiyo? Busta imekuza kila kitu, pamoja na takataka. Ni kumpa mlevi kipaza sauti. Na huyu ndiye mtu wa mawasiliano wa polisi. Sasa nimejua kwa nini wezi wa Kasese wanazeeka salama.

Sasa jambo lenyewe. Umemwambia mama aje akae Kasese, kwa kuwa huko televisheni inaonekana vizuri na hapa tangu watuzimie mitambo ile ya zamani ya analogi haonekani mtu. Sikia. Mama hatoki Bwera kwa sababu ya picha. Picha nitaileta mimi. Na hata ingekuwa haiji kabisa, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hilo halihitaji sheikh.

Wala usiniulize kwa nini mumeo hakanyagi hapa. Iddi ile baada ya mfungo nilikuwa nimesimama getini nikipokea wageni. Nilimwona kwa macho yangu, mtu mzima mwenye cheo cha nyota, amemshika mama mkwe wake mkono kwenye ngazi za baraza, mchana kweupe. Nilipomtoa mbele ya watu hakusema hata neno. Mwenye haki husema.

Msalimie mwanao Hidayah. Mwambie mjomba bado yupo.

Kaka yako,
Ukasha


Kasese, 5 Septemba 2017

Kaka Ukasha,

Waalaikum salaam. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako nilisoma nusu, nikaiweka chini ya godoro, nikaimalizia baada ya Iddi ya kuchinja nilipokuwa nimeshiba na moyo umepoa. Hidayah anaota meno ya mbele. Joto la hapa unalijua. Kambini wamepaka rangi nyumba za wakubwa tu, sisi tunangoja.

Iddi hii sikuja. Ulitaka nije peke yangu, kama mjane, nipite geti ulilomfukuzia mume wangu? Wageni wa Bwera wana ndimi, kaka, na wewe uliwapa nyama mbili siku ile: ya mbuzi na ya Ssali.

Antena ile tulinunua tukiwa na nia njema. Kama haifai sema haifai, usitukane kazi ya mtu. Tangu uanze kuendesha gari lako mwenyewe hakuna fundi, daktari wala imamu anayejua kitu mbele yako.

Kuhusu mama, sikusema alale kwangu. Mimi pia nimezaliwa na watu. Nakato, mke wa sajenti jirani yetu, ana chumba tupu chenye mlango wake. Mama atakaa huko, nitamwona asubuhi na jioni, na hospitali haiko mbali. Wewe uko barabarani siku nzima. Nani anajua mama anaanguka au anasimama?

Ya kwenye ngazi sitayaandika. Si yangu kuyaandika.

Nasifah


Bwera, 24 Septemba 2017

Nasifah,

Salaam kwenu nyote, hata kwa asiyezitaka. Mama mzima. Amevunja birika lile la marehemu baba, anasema lilikuwa limewekwa vibaya. Lilikaa mahali pale pale tangu mimi sijaota ndevu.

Sasa kaa chini usome kazi ya mtu asiyekuwa na nyota.

Kila nyumba hapa Bwera imeelekeza antena Kasese, kwa sababu Kasese ndiko mnara uliko. Ni akili ya mbuzi: anaona majani ng'ambo ya ukuta, anasimama anatazama ukuta. Kati yetu na mnara kuna bega la mlima. Mimi hupita na lori, nazijua kona zote. Nilikaa juu ya paa la mama na dekoda chini dirishani, nikageuza bomba kidogo kidogo kama mtu anayefungua kufuli asilolijua. Upande wa Kasese, ubora ishirini. Nikageuza kuelekea mteremko wa ng'ambo ya bonde, ule mtupu wenye mawe. Hamsini. Mawimbi yanapiga jiwe lile yanaturudia sisi, kama mpira unavyorudi ukutani. Bwera nzima imeupa mgongo mlango ulio wazi.

Antena nimeitengeneza mwenyewe. Mabomba ya aluminiamu ya mapazia aliyoyaacha Mariat. Hatimaye yamefanya kazi ya maana nyumbani. Wimbi la chaneli hizi lina kama sentimita sitini, kwa hiyo fimbo inayopokea ni nusu yake, thelathini pungufu kidogo. Ya nyuma yake ndefu kidogo, ya kurudisha. Za mbele fupi, kila moja fupi kuliko mwenzake, za kuvuta. Nimeipandisha juu ya mlingoti kupita mabati yote. Waya mpya, mmoja, bila kiungo hata kimoja. Busta ya Afande nimeichomoa, kuku wanaichezea.

Nguvu sitini na moja. Ubora sabini na nane. Nguvu imepungua na picha imesimama. Mwambie mumeo aitafakari hesabu hiyo kwenye kituo chake cha redio.

Na nikufundishe jambo ambalo huko kambini hawakukufundisha. Picha ya zamani ilikuwa na chenga kama mchele, vivuli, ukungu, ukivumilia unaona. Hii ya sasa haina katikati. Inakuja safi, au inavunjika vipande, au inaganda mtu mdomo wazi, au haiji. Kwangu inakuja safi. Nimehesabu mistari kwenye tai ya msoma habari.

Kwa hiyo sababu yako imekufa. Mama anakaa Bwera.

Ukasha


Kasese, 29 Oktoba 2017

Kaka,

Amani iwe nanyi. Nimekaa mwezi bila kuandika. Hidayah alikuwa na malaria, amepona. Ssali alipelekwa Kasenyi wiki nzima, kuna ugomvi wa nyavu ziwani, amerudi ananuka samaki.

Hongera kwa antena. Nasema kweli, hongera. Hata Ssali alisema ya jiwe la ng'ambo ni akili, na alitaka niandike kwamba sifa hiyo ni yake. Mimi nikaona ungechana barua.

Lakini juzi nimempigia mama nikamuuliza kama sasa anaona vizuri. Akasema bado. Nikamuuliza bado vipi, akasema simu inaisha chaji.

Ssali ameniomba nikuulize jambo moja, nami nakuomba ulijibu bila matusi. Mama anaposema picha ni mbaya, anasemaje hasa? Anasema inavunjika vipande, au anasema kitu kingine? Mwulize neno lake mwenyewe uniandikie. Usiniandikie ubora wala nguvu. Neno la mama.

Nasifah


Bwera, 10 Novemba 2017

Nasifah,

Salaam. Lori liko gereji, mimi niko nyumbani, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuona mchezo wenu vizuri.

Afande ametuma swali. Askari hata shemeji yake anamhoji. Mwambie mimi si mshukiwa, na yeye si bwana wa nyumba hii.

Nilijua kuna jambo. Nimekaa na mama jioni baada ya Magharibi, mimi kwenye mkeka, yeye kwenye kiti chake. Picha imesimama kama imechorwa. Ubora sabini na sita, palikuwa na mvua kidogo. Nikamuuliza, mama, sasa je? Akasema, "Iko ukungu tu, mutoto wangu." Nikapanda juu ya paa, nikageuza antena upana wa unywele, nikashuka. Iko ukungu. Nikabadilisha waya wa nyuma. Iko ukungu. Siku nne nimepanda na kushuka kama nyani wa Kikorongo, majirani wamekaa ukutani wanatazama mimi badala ya televisheni.

Ukungu, Nasifah. Kwenye dijitali. Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba ukungu haupo siku hizi. Hata uongo mmeshindwa kumfundisha mama. Mngemwambia aseme vipande, ningewaamini. Mngemwambia aseme inaganda. Lakini aliyemfundisha ni yule yule aliyetuma kifuniko cha bakuli, na akili yake imebaki kwenye televisheni ya mwaka themanini.

Sasa nimeelewa. Mmemwambia asikubali picha yoyote ya hapa mpaka nichoke nimwachie aje kwenu. Mwanamke wa umri ule, aliyetulea kwa kuuza chapati mpakani, mmemfanya msema uongo ndani ya nyumba yake. Wewe ndiye mwanawe wa kike. Shemeji simlaumu, yeye ni mtu wa kuja.

Usinitumie tena maswali.

Ukasha


Kasese, 16 Novemba 2017

Kaka yangu Ukasha,

Leo sina salamu ndefu. Barua hii nampa Siraje mkononi, nimemwambia asikupe ukiwa unaendesha.

Hakuna mtu aliyemfundisha mama neno lolote. Uliposikia neno "ukungu" ulicheka. Mimi niliposoma nilimwita Ssali, naye aliposikia akakaa kitandani akavua kofia. Sasa ananiruhusu niandike ya kwenye ngazi. Miezi yote hii alinikataza, na nilikuwa nakaribia kumwona kama unavyomwona wewe.

Siku ile ya Iddi alikuwa anapita barazani kwenda kunawa. Mama akatokea mlangoni. Ssali akafanya kama alivyolelewa, akasogea ukutani, akainamisha uso ili mama mkwe wake apite mbali. Mama hakupita mbali. Alikuja moja kwa moja, akanyoosha mkono, akamshika mkono wake, akasema, "Ukasha, nipitishe hapa kwa ngazi, leo zimekuwa nyingi."

Alidhani ni wewe, kaka. Mmelingana urefu, na wote mlikuwa na kanzu nyeupe.

Angefanya nini? Akisema "mimi si Ukasha", mama angejua mbele ya watu wote kwamba amemshika mkwe wake. Angekufa kwa aibu pale pale. Kwa hiyo alinyamaza, akamshusha ngazi moja moja mpaka chini. Ndipo ukamwona. Ulipomfukuza, angejitetea kwa maneno gani? Kila neno lingekuwa la kumvua mama nguo.

Na wewe unajua kwao Buganda wanasemaje. Mtu akigusana na mkwe wake mikono hutetemeka mpaka anaingia kaburini. Mimi nilikuwa nikimwona asubuhi anaponyoa ndevu, anasimamisha wembe, anatazama vidole vyake muda mrefu. Nilidhani ana mwanamke mwingine anayemfikiria. Alikuwa anangoja kuona kama vimeanza.

Yeye alifikiri ni giza la mlangoni, au mama alikuwa na usingizi. Lakini neno hili la ukungu limemaliza. Chumvi ile. Birika la baba. Televisheni yako haina kitu, kaka. Antena yako ni nzuri kuliko zote za Bwera, na mama haioni.

Usimwambie mama kwamba aliyemshika alikuwa Ssali. Tafadhali.

Nasifah


Bwera, 19 Novemba 2017

Nasifah,

Nimeisoma barua yako gereji, nimesimama.

Sikuiamini. Nakwambia ili ujue. Nikasema ni hadithi ya kambini, wamekaa wameisuka. Kwa hiyo nilipima.

Dekoda hii ina chaneli za redio pia. Sauti inakuja, kioo kinabaki cheusi tupu. Jana jioni mama alikaa kwenye kiti chake. Nikaweka redio, watu wawili wanaongea mambo ya kilimo. Kioo cheusi kama sufuria. Nikapanda juu ya paa kama kawaida, nikashika mlingoti, nikatikisa bomba ili asikie kazi inaendelea. Nikaita kutoka juu, mama, je?

Akasema, "Sasa imetulia. Leo picha iko muzuri sana. Shuka, mutoto wangu, utaanguka."

Nilikaa juu ya mabati mpaka akaita mara ya pili.

Alikuwa amenionea huruma. Miezi yote alilaumu picha ili tusijue macho. Alijua tukijua tutamng'oa hapa kama mche. Nami nilimsaidia: kila akisema ukungu, nikakimbilia ngazi. Hata daktari wa uongo humtazama mgonjwa. Mimi nilitazama namba.

Usiniandikie pole. Sitaki.

Nimemwambia najua. Alikasirika, akaniambia mimi ni mpelelezi kama shemeji yangu. Halafu akaniuliza kama Kasese wana daktari wa macho au ni maneno tu. Nikamwambia sijui, Nasifah anajua. Siraje atamleta Jumatano. Chumba cha Nakato kiwe tayari, na mumeo asipite mlangoni kwake bila kukohoa kwanza.

Kwa chumvi na birika nimenyamaza. Ya ngazi sijamwambia.

Ukasha


Kasese, 14 Januari 2018

Kaka Ukasha,

Waalaikum salaam kwa salamu zako kupitia Siraje, ingawa "waambie nipo" si salamu. Sisi wazima. Hidayah amemzoea bibi yake mpaka halali kwangu.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema yamekomaa, akashangaa mama alivyokuwa anatembea. Mama akamjibu nyumba ya Bwera anaijua kwa miguu, na mwanawe hapendi kuhamisha vitu. La kulia limefanyiwa upasuaji kabla ya mwaka mpya. La kushoto ni wiki iliyopita, alipokubali.

Walipofungua bandeji ya jicho la kwanza nilikuwa naye kwa Nakato. Alitazama mikono yake. Akaitazama televisheni ya Nakato, ambayo wewe ungeitupa, akasema watu wa tamthilia wana sura mbaya kuliko alivyodhani kwa sauti zao. Akaomba izimwe.

Ssali alikuwa uani, amekuja na matunda, amesimama mgongo kwa mlango kama adabu inavyotaka. Mama akamtazama mgongo, muda mrefu. Kaka, sikumwambia mimi, naapa, na Ssali hajafungua mdomo. Alisema, "Ndiye yule. Ukasha ana mkono mugumu, wa usukani. Ule ulikuwa laini. Nilijua tulipofika chini."

Alijua siku zote. Alinyamaza ili Ssali asijue kwamba amejua, na Ssali alinyamaza ili mama asijue. Na katikati yao ulisimama wewe unapiga kelele getini.

Akamwita ageuke. Akasema amekwisha kumshika mkono, kilichobaki cha kuficha ni nini. Ssali hakugeuka. Alijibu kwa heshima, akiangalia ukuta, kwamba hawezi. Mama akacheka mpaka Nakato akaja kuuliza.

Sasa sikia uamuzi wake, si wangu. Anarudi Bwera. Nimemsihi, amekataa. Anasema kwake anataka kuona nyumba, amekaa humo miaka miwili bila kuiona. Lakini ameweka sharti: Ssali amsindikize, na aingie kwa geti lile lile, wewe ukiwepo. Bila hivyo anabaki kwa Nakato mpaka afe.

Fanya hesabu yako uniambie.

Nasifah


Bwera, 17 Januari 2018

Nasifah,

Salaam. Lori litafika kambini Jumamosi asubuhi, na safari hii nitaingia nalo mpaka ndani. Waambie wa getini.

Mama akae mbele na Siraje, upande wa dirisha, atazame. Afande hawezi kukaa kiti kimoja na mama mkwe wake, hilo analijua na simsifu kwalo. Kwa hiyo atapanda nyuma, juu ya magunia. Avae kitu kizito, upepo wa Kikorongo hauogopi nyota.

Nami nitapanda nyuma pamoja naye. Asizungumze sana.

Ukasha